Mstari wa Jumapili

Mwalimu Kingori alimchukia shemeji yake waziwazi, na pengine huo uwazi ndio uzuri pekee uliokuwa katika chuki ile. Watu wengine wa kilima chao, juu ya mji wa Nyeri karibu na msitu, walichukiana huku wakikopeshana chumvi na kuulizana hali za ng'ombe. Yeye hakuwa na muda wa mchezo huo. Wangechi akipita njiani, Kingori alikuwa akigeuza shingo na kuutazama ua wake mpaka mama yule apotee konani.

Chanzo kilikuwa shamba. Gatimu, mdogo wake wa mwisho na mume wa Wangechi, alipofariki, Kingori alifika mazishini na mpango wake kichwani: kile kipande cha juu kinachopakana na barabara kirudi kwake, kwa kuwa marehemu baba yao, alidai, alikuwa amemtajia yeye. Mjane hakugombana na mtu. Alifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa chifu, kisha kortini mjini, akashinda. Wazee wa kanisa walikuwa wamesimama na Kingori, na tangu siku hiyo Wangechi hakukanyaga kanisani tena. Jumapili watu wakiimba, yeye alikuwa nyumbani na miche yake. Kwenye kipande kilekile cha barabarani alianzisha kitalu cha avokado, kikamlisha, kikamsomesha mwanawe Mwai hadi akapata kazi Murang'a. Kila mche uliouzwa pale, Kingori aliuona kama umeng'olewa kifuani mwake.

Ukiacha hilo la shemeji, hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alifundisha hesabu shule za sekondari maisha yake yote, kwanza Murang'a, halafu karibu na Kenol, na somo alilolipenda kuliko mengine lilikuwa kasi ya mabadiliko. Alikuwa akichora jedwali ubaoni, safu moja ya muda, safu ya pili ya kitu kinachobadilika, iwe ni urefu wa mche au joto la chai inayopoa. Wanafunzi, kama kawaida yao, walikimbilia kutoa: kumi na nane toa kumi na mbili, sita, tumemaliza Mwalimu. Hapo aligonga dawati kwa rula na kuuliza, "Na chini je?" Chini maana yake ni muda. Hiyo sita imechukua siku ngapi? Kama ni siku moja, kasi ni sita kwa siku. Kama ni siku mbili, kasi ni tatu tu, na wewe umesema uongo bila kujua. Aliliuliza swali hilo mara nyingi mpaka wakambatiza jina la Chini Je, na alipostaafu jina likapanda naye kilimani bila kulipa nauli.

Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, binti yake Njoki alikuwa na duka Kenol, na mzee akabaki na nyumba ya mawe, kuku wachache na kinyongo. Watu walimheshimu kwa elimu yake na wakamkwepa kwa ulimi wake. Alipokosa wanafunzi wa kusahihisha, alisahihisha majirani: namna wanavyopanda viazi, namna wanavyotamka majina ya wabunge, namna wanavyomwomba Mungu mvua.

Kisha likaja kiangazi kile. Mradi wao wa maji ulitegemea mto unaotoka msituni, na mto ukipungua, vilima vilikuwa vikipewa zamu. Kila kilima kilijaziwa tangi lake mara moja, koki kubwa ya kuingiza maji ikafungwa, na watu wakajipimia hayohayo mpaka mvua ya Machi. Mwaka huo jua liliwaka mapema na vibaya. Majani ya chai yaligeuka rangi ya tumbaku. Mwenyekiti wa kamati, Wambugu, mkulima wa kabichi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili, alimwendea Mwalimu nyumbani na kumwomba awapigie hesabu: je, tangi litafika Machi?

Hakuna dawa nzuri kwa mzee mpweke kama kuombwa kile anachokijua. Kingori alipaka rangi nyeusi sehemu ya ukuta wa kibanda kilicho kando ya tangi, ukawa ubao. Akachora jedwali lenye safu mbili. Kushoto aliandika nambari za vipimo, moja, mbili, tatu, kwenda chini. Kulia palikuwa pa kuandika kina cha maji kwa sentimita. Kusoma kina hakukuwa kazi, kwa kuwa tangi lilikuwa na mrija unaoonekana ndani, umefungwa kando na kuwekwa alama kama rula. Kazi hiyo alipewa Murugi, mama mpole aliyelipwa na mradi kufungua koki ya kijiji asubuhi na kuifunga jioni. Akishafunga, asome mrija, aandike kwa chaki, aende zake. Murugi alikuwa mtu wa Sabato, na hilo lilikubaliwa siku anaajiriwa: Ijumaa jua likizama yeye haguswi na kazi mpaka Jumamosi jua lizame tena. Siku hiyo koki ilifunguliwa na kufungwa na Wahome, fundi wa paipu, ambaye hakutaka kusikia habari za chaki.

Kwa muda jedwali lilikuwa raha ya kilima. Watu walipita kuliangalia kama wanavyoangalia matokeo ya mpira. Kisha mchana mmoja Kingori alisimama mbele yake, akatoa mstari kwa mstari, na uso wake ukabadilika. Maji yalikuwa yakishuka sita, sita, sita, sita, sita, halafu ghafla kumi na mbili. Tena sita mara tano, tena kumi na mbili. Akagawanya jumla kwa idadi ya vipimo, akapata saba kwa siku badala ya sita, na kwa saba tangi lingekauka wiki nzima kabla ya mvua. Alimwita Murugi akamuuliza ile kumi na mbili ni kipimo cha lini. Murugi akasema ni cha Jumapili, kila mara ni cha Jumapili. Alifungua mdomo kama mwenye neno la kuongeza, lakini Mwalimu alikuwa ameshamgeuzia mgongo. Jumapili! Jumapili kilima kizima kiko kanisani, kuanzia ibada ya kwanza mpaka matangazo yaishe. Anayebaki nyumbani ni nani?

Furaha iliyomshika haikuwa ya mtu aliyegundua wizi. Ilikuwa ya mtu aliyengoja miaka mingi adui yake ateleze, na sasa anasikia kishindo. Usiku ule alilala kama mtoto mchanga.

Hakupeleka habari kwa kamati kimyakimya, ingawa angeweza. Aliomba nafasi wakati wa matangazo, baada ya harusi zilizotangazwa na kabla ya mchango wa paa, akaeleza mbele ya waumini wote jinsi tangi linavyoshuka maradufu kila Jumapili watu wema wakiwa wanaomba. Jina hakulitaja. Kanisa zima liligeuza macho kuelekea barabarani, kitalu kilipo, na wazee wakatikisa vichwa. Mchana uleule watu walikutana kwenye tangi. Wangechi alikuwa ameshaambiwa na watu wasiopungua watano, akaja mwenyewe na viatu vyake vya mpira vyenye tope, akapasua katikati ya watu mpaka mbele ya ubao.

"Mwalimu, sema uliniona," alisema.

"Mimi sikukuona. Hesabu ndiyo imekuona."

Watu wakacheka. Wangechi hakucheka. Alisema analipa mifereji miwili, mmoja wa nyumba na mmoja wa kitalu, kila mwezi bila kuchelewa, na wa kitalu hufungua jioni tu, saa ambayo kamati ilimpangia, hata Jumapili. Kama maji yanakwenda maradufu, waje wamwonyeshe anayaweka wapi, maana hana tangi wala bwawa, na miche ikinyweshwa maradufu inaoza mizizi. Kingori alimwacha amalize, kisha akazisoma nambari moja baada ya nyingine, kwa sauti ileile ya darasani, akigonga ukuta kwa fundo la kidole. Sita. Sita. Sita. Kumi na mbili. Kila alipofika kumi na mbili watu waliguna, na kila mguno ulimpa nguvu. Wambugu hakungoja kura. Kabichi zake zilikuwa chini kabisa ya paipu na maji yalimfikia yakiwa yamechoka. Mtu yeyote wa juu akifungiwa, kwake ilikuwa sikukuu. Aliamuru Wahome achukue spana.

Mifereji yote miwili ilikatwa kabla ya jua kuzama. Miche ya avokado katika makaratasi yake meusi haingojei kortini; wiki ya kwanza majani hulegea, ya pili huanza kukauka ncha. Wangechi akaanza kuteremka mtoni na mitungi, asubuhi na jioni, kamba ya mzigo kwenye paji la uso kama mama zake wa zamani. Kwa maji hayo aliweza kuokoa labda robo ya kitalu. Kingori alimwona akipanda kilima ameinama, akajiambia kwamba mwizi hana budi kulipa kwa jasho.

Wiki ile maji yakashuka tano kwa siku badala ya sita. Kilima kikashangilia. Kingori alipigwa mabega njiani na watu waliokuwa wakimkwepa, na duka moja likakataa pesa yake ya sukari. Alingojea mstari wa Jumapili kama anavyongoja mtu aliyecheza kamari akijua karata zimepangwa.

Ukaja: kumi.

Alisoma mrija mwenyewe, akasoma tena. Kumi. Mifereji imekatwa, imezibwa kwa chuma, na bado Jumapili inakunywa maradufu. Mtu mwingine angejiuliza kidogo, lakini chuki ina akili nyingi, inajua kujitetea. Kingori alihitimisha mara moja kwamba yule mama ana paipu nyingine chini ya ardhi. Kesho yake aliwapeleka kamati kitaluni na majembe. Walichimba mtaro kutoka barabarani hadi ukuta wa nyumba, katikati ya miche, na wachimbaji hawakuchagua pa kukanyaga. Wangechi alisimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani. Hakupiga kelele wala hakulia, na Kingori, aliyekuwa amejiandaa kwa yote mawili, alikosa cha kufanya na uso wake. Mama yule alizungumza mara moja tu, tena na fundi, kijana aliyewahi kula kwake mara nyingi.

"Wahome, hizo unakanyaga si za Mwalimu," alisema.

Fundi akasogeza mguu. Hawakukuta paipu. Walikuta mawe, mizizi na bati la zamani. Waliondoka bila kufukia.

Lililobaki ni kumvizia. Jumapili iliyofuata Kingori aliacha kanisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa na afya, akaenda kukaa kwenye tangi tangu alfajiri na chai kwenye chupa na kabuti la mvua. Jambo la kwanza alilinganisha mrija na mstari wa mwisho wa ubaoni. Maji yalikuwa tayari yameshuka tano. Akakasirika: kumbe huja gizani! Akakaa. Watu walipita wakienda ibadani, wakarudi. Wahome alikuja kufungua koki badala ya Murugi, aliyekuwa na homa asubuhi ile, akaondoka. Hakuna aliyelikaribia tangi. Wangechi alipita chini na mitungi yake mara tatu na hakutazama juu. Jioni Kingori alisoma mrija tena, na maji yalikuwa yameshuka tano nyingine, tano za halali, za watu kupika na kuosha, mbele ya macho yake.

Murugi alifika na shali shingoni na chaki mkononi, amepata nafuu, kuja kufunga na kuandika. Kingori alimuuliza kwa ukali: jana jioni alipoandika ule mstari wa mwisho, hakuona mtu akizungukazunguka hapa?

"Jana?" Murugi alimtazama kwa mshangao. "Jana ilikuwa Sabato, Mwalimu. Hiyo nilisoma Ijumaa."

Mzee aligeuka ubaoni. Sita, sita, sita, sita, sita, kumi na mbili. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, halafu Jumapili. Hapakuwa na mstari wa Jumamosi. Haukuwahi kuwapo, tangu wiki ya kwanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika moja, mbili, tatu upande wa kushoto mahali pa siku, na kwa mkono wake akaiunganisha Ijumaa na Jumapili kama ndugu waliofuatana tumbo moja. Kumi na mbili kwa siku mbili. Sita. Kumi kwa siku mbili. Tano. Tangi halikuwahi kukosa adabu hata siku moja. Mtoto wa kidato cha pili angechapwa kwa hilo, na yeye ndiye angemchapa.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi nilifikiri unajua. Si ni wewe ulisema Sabato yangu niwachiwe?"

Alirudi nyumbani akiwa na aibu kali. Tuseme ukweli: hakumwonea huruma Wangechi, bado. Chuki ya miaka haitoki kama shati. Na angeweza kunyamaza. Murugi hakuwa mtu wa kusema ovyo, na kilima kilikuwa kimeridhika. Kilichomkosesha usingizi ni jibu lisilo sahihi kukaa ukutani likisomwa na watu, lenye jina lake. Maisha yake yote aliishi kwa kufuta majibu ya namna hiyo. Lakini alfajiri, akiwa bado kitandani, alisikia mitungi ikigongana njiani na pumzi ya mtu anayepanda, na akajikuta anahesabu hatua hizo bila kutaka. Hapo ndipo kitu kingine kilipoanza kumuuma, na hakukipa jina.

Alimwomba Wambugu aite kamati. Mbele ya ubao alifuta nambari zake za kushoto, akaandika siku, akaacha mstari mtupu kwa kila Jumamosi. Akaeleza kosa, akasema ni lake, neno ambalo lilimtoka kwa shida kama jino. Hapakuwa na wizi. Wangechi afunguliwe leo, na wala wasiogope, kwa kuwa kwa sita kwa siku tangi linafika mwisho wa Machi.

Wambugu akaja ubaoni, akaweka kidole chake kinene kwenye wiki za mwanzo, halafu kwenye wiki za karibuni.

"Hapa ni sita, hapa ni tano," alisema. "Hii iliteremka siku tulimfungia. Mwalimu, si ni wewe ulitufundisha kusoma hii kitu?"

Kingori alisema bila shaka imeteremka, kwa kuwa mtu mmoja ameacha kutumia maji aliyokuwa akiyalipia. Ukimfunga mtu yeyote hapa itateremka. Ukimfunga Wambugu na kabichi zake itateremka zaidi. Mfano huo haukuwa wa busara. Mwenyekiti alivimba. Wengine wakadakia, mmoja baada ya mwingine: mvua ya huku haina mkataba na mtu, tano ni bora kuliko sita, na mwizi gani hukiri? Mzee mmoja wa kanisa alisema Mwalimu amekuwa mtu wa umri, pengine jua la Jumapili ile limempiga kichwani. Walicheka, na safari hii aliyechekwa ni yeye. Aligonga ukuta, akapaza sauti, akawaita wajinga, na baada ya neno hilo hapakuwa na wa kumsikiliza. Wangechi abaki alivyo mpaka mvua, walikata shauri, na Wambugu akaongeza kwamba atakayempa maji atahesabiwa naye. Maji yakimwagika hayazoleki, na Kingori ndiye aliyeupindua mtungi.

Alikwenda kwa Wangechi moja kwa moja kabla ujasiri haujapoa. Hakuwa ameingia katika ua ule tangu mazishi ya ndugu yake, ukiacha siku ya majembe. Mtaro ulikuwa bado wazi. Pande zote mbili miche ilikuwa imesimama mikavu, rangi ya karatasi ya kufungia nyama, na katikati kisehemu kidogo cha kijani ambacho ndicho Wangechi alichokuwa akikipigania. Alimkuta ameinama akimimina maji kwa kikombe, mche kwa mche. Kingori alimwambia yote, akiwa amesimama: Jumamosi, siku mbili, kosa lake, kamati walivyokataa. Wangechi hakuacha kumimina.

"Umemaliza?" alimuuliza.

"Mama Mwai, nimekuja kukuomba msamaha."

"Msamaha iko kwa pasta. Mimi niko na miche. Kama umeleta maji, weka hapo. Kama hujaleta, toka kwa jua yangu."

Hakuwa ameleta. Alitoka, akaenda nyumbani, akafungua mpira wa bustani aliokuwa amenunua mkewe zamani, akaunganisha na mfereji wake mwenyewe na kuuvutia juu ya ua ule uliotenganisha mashamba yao. Ulifika kitaluni kwa shida. Wangechi aliuona ukianguka kwenye nyasi ukitema hewa, kisha maji. Aliuokota, akaelekeza mdomo wake kwenye safu ya kwanza. Jioni zote zilizofuata ikawa hivyo: yeye upande huu akifungua mfereji, mama upande ule akinywesha, na kati yao ua na kimya. Wangechi alipotosheka aliurudisha mpira juu ya ua. Hakuwahi kusema asante, na Kingori, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakumsahihisha mtu.

Ilichukua muda mfupi tu. Jedwali, ambalo Murugi sasa aliliandika vizuri, siku kwa siku, likaonyesha maji yameanza kushuka sita tena. Wambugu hakuhitaji mwalimu. Alifuata mpira kwa macho kutoka barabarani, na kesho yake Wahome akaja na spana, ameinamisha kichwa, akakata mfereji wa Kingori. Mzee alisimama mlangoni na mikono yake haikujua pa kukaa.

Kwa hiyo Kingori naye akaanza kwenda mtoni. Goti lake la kushoto lilimkatalia mteremko, na mtungi mmoja ulimtosha kwa siku. Wangechi alikuwa akimpita njiani na mitungi yake miwili, akienda au akirudi, na hakumngoja, wala hakumsalimu. Siku moja tu, Kingori alipoteleza kwenye matope ya ukingo wa mto, mama yule aliusimamisha mtungi wa mzee uliokuwa ukibingirika, akauweka wima kwenye nyasi, akaendelea. Miche iliyobaki hai iliweza kuhesabika kwa mtu aliyekaa. Mwai alipiga simu kutoka Murang'a akimtaka mama auze kipande kile ahamie kwake, na habari hizo zilifika kilimani kote kabla simu haijakatwa.

Jumapili ya mwisho kabla mawingu hayajakusanyika, watu walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja kwenye tangi, kama ilivyokuwa desturi yao sasa. Kingori alikuwa anapanda kutoka mtoni, Wangechi mbele yake kwa umbali wa kurusha jiwe. Jedwali lilikuwa sahihi kabisa. Siku zote saba zilikuwa mahali pake, Jumamosi ina mstari wake mtupu, na ya Jumapili imegawanywa kwa mbili kama alivyomwonyesha Murugi. Maji yalikuwa yakishuka nne na nusu kwa siku. Hayajawahi kushuka polepole hivyo tangu tangi lijazwe. Wambugu alikuwa mbele ya ukuta akiwasomea watu, anagonga kila mstari kwa fundo la kidole.

"Hapa tulifunga mama, ikateremka. Hapa tukafunga Mwalimu, ikateremka tena," alisema. "Mnaona? Walikuwa wawili."

Watu waliguna. Baadhi yao waligeuka wakawatazama wale wawili na mitungi yao. Wangechi hakusimama. Kingori alisimama, akatua mtungi chini, akaipitia hesabu ile toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho akitafuta pa kuifuta, na kila nambari ilikuwa sawa.